Kilo Tatu Zilizotaka Kuvunja Uchumba Wangu

"Shuka, upande tena."

Nikashuka, nikapanda tena. Ilikuwa mizani ya ghala, ile ile wanayopimia magunia ya mahindi. Mchumba wangu akainama, akasogeza kile kichuma kwenye mkono wa mizani, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Themanini na tisa."

"Haiwezekani! Jumamosi iliyopita ulisema themanini na saba."

"Na siku ya kwanza kabisa themanini na sita. Fundi, unakula nini wewe?"

"Mayai, maharage na mboga. Chai yangu haina sukari, wewe mwenyewe uliionja ukaitema."

Wapakiaji wawili waliokaa juu ya magunia wakaangua kicheko.

"Bwana Kilo, huyu mazoezi yamemkubali kweli kweli!"

Nami nikacheka nao. Sikujua kicheko kile kitanigharimu machozi.

Kila mtu alimwita Bwana Kilo kwa sababu alikuwa mpimaji wa ghala lile kwa miaka kumi na tisa, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumpitishia gunia lenye mchanga. Alikuwa amechelewa kuoa. Mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa mjane wa miaka sita. Marehemu mume wangu alichukuliwa na sukari. Nilimuuguza miaka miwili, nikamwosha kidonda cha mguu kwa mikono yangu mpaka Mungu alipompumzisha. Kwa hiyo nesi aliponipima na kuniambia, "Mama, sukari yako imefika mlangoni," sikubishana naye. Kila alfajiri baada ya sala nilipanda kilima mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Kisha kwenye kiti cha cherehani nilikaa na kuinuka mara thelathini. Harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki nane.

Mchana ule ule simu ikalia. Alikuwa dada mkubwa wa Bwana Kilo.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Nasikia unajinyima chakula na unanenepa."

"Nani kakwambia?"

"Ghala zima linajua. Wifi, mimi nimezaa watoto watano. Mwanamke anayekula kama ndege na kuongezeka kama mwezi mchanga, najua ana nini."

"Ana nini?"

"Utajibu mwenyewe. Maana mdogo wangu ameniapia kwamba hajakugusa."

Akakata. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kanyagio la cherehani. Kabla sijavuta pumzi, ujumbe ukaingia kutoka kwa Bwana Kilo.

"Fundi, dada ameniambia jambo. Sitaki kuliamini. Nenda ukapime uniletee karatasi."

Nikaandika: "Nikapime nini?"

"Unajua."

Asubuhi nilimfuata ghalani. Alikuwa anapima, kalamu sikioni.

"Niambie kwa mdomo, si kwa simu."

"Fundi, hapa kuna watu."

"Uliponipima walikuwepo. Sema."

Akaitoa kalamu sikioni, akaikamata kwa mikono miwili.

"Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii. Gunia likiongezeka uzito na mahindi hayajaongezwa, kuna kitu kimetiwa ndani. Wewe huli, na unaongezeka. Unataka nifikirie nini?"

Safari hii hakuna mpakiaji aliyecheka. Mmoja alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na miguuni alikuwa na kandambili.

"Umemaliza?"

"Leta karatasi, yaishe."

"Karatasi huipati. Nikikuletea leo, kesho nikichelewa sokoni utataka nyingine. Nimeishi mjane miaka sita, mlango wangu haukuwahi kusemwa na mtu."

"Basi acha hayo mazoezi na hicho chakula chako, tuone kama uzito hautashuka."

"Siachi."

"Hata harusi ikivunjika?"

Nilimpenda mwanamume yule. Nilimpenda tangu siku alipoleta suruali ya kupunguzwa akakaa saa tatu nzima ananisimulia habari za mahindi. Lakini nikamjibu:

"Hata ikivunjika. Mume nimemzika kwa sukari. Sitakubali nizikwe kwa hiyo hiyo ili wewe ulale vizuri."

Nikaondoka bila kugeuka. Nilifika nyumbani, nikafunga mlango, nikalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa. Kisha nikasema, "Mungu wangu, wewe unajua." Alfajiri iliyofuata nilipanda kilima macho yakiwa yamevimba.

Niliposhuka nilikwenda moja kwa moja zahanati.

"Nesi, niambie ukweli. Nimejinyima, nimetoka jasho, na nimeongezeka kilo tatu. Nimekosea wapi?"

"Ulianza lini?"

"Hii ni wiki ya nne."

"Hujakosea kitu, mama. Misuli yako ilikuwa imelala, sasa umeiamsha. Ikianza kazi ngumu hushika maji, na yenyewe inakua. Mafuta yanapungua, lakini mizani haijui kutenganisha. Wengi wanaacha hapo hapo kwa kukata tamaa. Hebu, nguo zako zikoje?"

Nikaishika sketi yangu. Nilikuwa nimeipunguza mara mbili kwa mkono wangu mwenyewe, na akili haikunijia!

Akanitoboa kidole, akasubiri, akanigeuzia kile kipimo nione.

"Sukari imeshuka. Endelea vivyo hivyo, mwezi ujao tupime tena."

Nilitembea kurudi kama niliyevishwa mabawa.

Jumamosi Bwana Kilo na dada yake wakaja wote wawili kwenye chumba changu cha kushonea. Wifi alikaa bila kukaribishwa.

"Tumekuja tulimalize hili jambo."

"Vizuri. Wifi, simama ushike hii futi."

"Mimi? Ya nini?"

"Wewe ndiye uliyezaa watano. Nipime kiuno."

Akanizungushia futi kwa kinyaa, akaikaza, akailegeza, akaikaza tena.

"Thelathini na tisa."

"Bwana Kilo, kwenye hilo daftari la vipimo vya wateja kuna ukurasa wangu. Nilipoanza kushona gauni la harusi nilijipima. Soma tarehe na kiuno."

Akasoma kwa sauti ndogo. "Wiki nne zilizopita. Arobaini na mbili."

"Wifi, katika mimba zako tano, ni ipi iliyokupunguza kiuno inchi tatu?"

Wifi akakohoa. "Futi yako imechakaa."

"Ndiyo niliyokupimia hilo gauni ulilovaa, na limekukaa."

Nikamgeukia mchumba wangu.

"Debe la pumba na debe la mahindi, lipi zito?"

"La mahindi."

"Debe si lile lile?"

"Lile lile."

"Basi mimi natoa pumba naweka mahindi. Na gunia lililonyeshewa likipanda mizani?"

"Linazidi, kwa sababu ya..."

"Malizia."

"Maji."

"Nesi amesema mwili unaoanza kazi ngumu hushika maji. Wewe, bingwa wa magunia, hukuwaza maji. Uliwaza mwanamume."

Akalifunga daftari, akakaa chini. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Fundi, nimekosa. Nisamehe."

"Hukunikosea hapa. Ulinikosea ghalani mbele ya watu. Neno lako lirudi kule kule."

"Jumatatu litarudi. Naapa."

"Na mimi, wifi?" dada yake akauliza, macho sakafuni.

"Wewe uliwapigia simu watu wangapi kuwaambia nina mimba?"

"Wanne... labda watano."

"Basi una simu tano za kupiga. Anza, nakusikiliza."

"Sasa hivi?"

"Kama huna salio, tumia simu yangu."

Alipiga zote tano. Ya tatu ilikuwa ngumu, maana yule wa upande wa pili alikuwa anataka kujua mtoto ni wa nani. Wifi akapandisha sauti: "Hakuna mtoto! Nilisema uongo, umenielewa? Uongo!" Hapo ndipo nikampa chai. Haikuwa na sukari, na aliinywa.

Jumatatu Bwana Kilo alisimamisha kazi, akapanda juu ya magunia, akawaambia wapakiaji kwamba alimsingizia mwanamke mwema. Aliyenisimulia ni yule wa kandambili, alikuja mbio kuniambia kabla jasho halijamkauka. Jioni nikapokea ujumbe.

"Nimesema mbele ya wote. Bado unanitaka?"

Nilipiga magoti kwanza, nikamshukuru Mungu. Kisha nikajibu: "Nakutaka. Kesho alfajiri uje, twende kilimani."

Akaja na viatu vya mvua, hana vingine. Kufika nusu ya njia, alikuwa anahema kama mvukuto wa mhunzi, mkono kiunoni.

"Fundi... mke wangu mtarajiwa... tupumzike kidogo."

"Pumzika wewe. Mimi sijafika."

Nikaendelea kupanda. Hatua ishirini, thelathini. Halafu nikasikia nyuma yangu vile viatu vya mvua, kwanza taratibu, kisha vinakimbia kunifuata.