Tundu la Paa kwa Belmiro

Ukipita mtaani kwetu hapa Toronto, nyumba ya shemeji yangu Belmiro utaijua kwa tundu lake. Mtu amekuwa fundi wa paa miaka thelathini na moja, na paa lake mwenyewe lina tundu la kupitisha kichwa! Watu wanamcheka. Mimi sithubutu, kwa sababu siku ile nilikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei, jua zuri, na kesho yake tulikuwa tunambatiza mjukuu wake Lídia, mtoto wa miezi mitatu. Dada yangu Odília alikuwa ameloweka samaki wa chumvi tangu Alhamisi. Mimi nilikuwa uani namenya viazi, na Belmiro yuko juu ya ngazi anawatukana rakuni.

Rakuni, wanyama wa usiku wakubwa kuliko paka, tumewazoea kama jirani mkorofi. Nyuso zao zina alama nyeusi machoni kama wezi, na kwa vidole vyao vitano wanafungua pipa la taka upesi kuliko mimi. Kila mwaka wanatumalizia zabibu za uani. Lakini huyu wa safari hii alikuwa ametoboa paa akahamia darini, juu kabisa ya chumba alichopangiwa mtoto.

Mafundi wa paa wa huku wana mwiko wao. Majira haya ya kuchipua, huzibi tundu la rakuni kabla hujatega sikio darini, maana jike huwa amezaa. Belmiro ndiye aliyewafundisha mafundi wenzake mwiko huo.

"Umesikiliza?" Odília akamuuliza kutoka chini.

"Nisikilize nini? Kesho wageni ishirini, wewe unataka nikae darini kama nasikiliza mpira redioni?"

"Belmiro, sikiliza kwanza."

"Mpangaji katoka," akasema huku akicheka na kupigilia wavu wa chuma. "Akirudi atajua kodi imeisha."

Saa kumi jioni vilio vikaanza. Vilikuwa vyembamba, vya kupokezana. Nilidhani Lídia ameamka, nikapanda kumtazama. Lídia alikuwa amelala fofofo. Vilio vilitoka darini, juu ya kitanda chake.

Jikoni, Odília akamshika mumewe mkono. "Wafungulie," akanong'ona. "Ni watoto wale."

"Jumatatu."

"Jumatatu watakuwa wamekufa."

"Basi kelele zitakuwa zimeisha."

Nilimchukia saa ile, na bado sikufungua mdomo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani, tulimkuta jike amekaa juu ya kichanja cha mizabibu, mchana kweupe, chuchu zimevimba maziwa. Nyama ilikuwa inachomwa hatua tano kutoka alipokaa, hakuitazama. Alikuwa anamtazama Lídia mikononi mwa mama yake, Sílvia, na ile kofia nyeupe aliyoifuma Odília. Belmiro akamrushia kizibo cha chupa. Kikampiga kifuani. Hakupepesa jicho.

Sílvia akamlaza mtoto juu, akafunga dirisha na mlango, akashuka na kile kiredio cha kumsikilizia mtoto, akakiweka mezani karibu na mkate. Tukala. Wazee wakaanza kuimba, na vilio vya darini tukavifunika kwa nyimbo.

Kisha vikakoma. Vyote kwa pamoja.

Odília akaweka uma chini. Nyimbo nazo zikafifia, sijui kwa nini. Ndipo kiredio kikatoa sauti. Haikuwa kilio. Ulikuwa mguno wa kooni, wa chini, trr, trr, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Nani yuko juu?" Sílvia akauliza.

Tukatazamana. Hapakuwa na kiti kitupu.

Belmiro akatangulia kupanda ngazi, sisi nyuma yake. Mlango umefungwa. Dirisha limefungwa. Dari nzima, haina hata ufa. Kitanda kitupu. Nikaweka kiganja kwenye shuka. Lilikuwa baridi.

Juu ya vichwa vyetu, trr, trr.

Mfuniko wa dari uko koridoni. Ulikuwa umegandishwa na rangi, haujafunguliwa miaka. Belmiro akaikwangua rangi kwa kisu cha mezani, akausukuma, akaingia. Mguno ukakatika. Tukasubiri. Sílvia alikuwa ameniuma bega bila kujijua.

"Yupo," Belmiro akasema kwa sauti ndogo. Kisha: "Anapumua."

Akanishushia mtoto. Amelala. Kofia hana, na nywele zake zimelowa, zimelambwa zote upande mmoja. Kule juu tukasikia vishindo vya mateke. Belmiro alikuwa anaung'oa wavu wake mwenyewe, na analia.

Baadaye alituambia mimi na Odília tu. Wavu aliukuta mzima, kila msumari mahali pake. Kwenye sufi ya kuzuia baridi iliyotandazwa darini mlikuwa na vishimo vinne vidogo, vitupu, hakuna unyoya wala mfupa. Pembeni yake kishimo cha tano, kirefu zaidi, na ndani yake alilala mjukuu wake.

Siku hiyohiyo alikifukia akakisawazisha. Sílvia alihamia Halifax, mwendo wa siku mbili kwa gari, na Lídia hajarudi tena kwenye nyumba ile. Tundu likaachwa wazi. Lakini kila Mei Belmiro akipanda, kishimo cha tano anakikuta kimechimbwa upya.

Lídia sasa ana miaka sita. Mei iliyopita Belmiro alipanda na futi ya kupimia, akakipima kishimo. Kisha akampigia Sílvia simu kuuliza urefu wa mtoto, akijifanya anataka kumnunulia gauni. Sílvia akamtajia. Akakata simu bila kuaga, akaja kwangu, akakaa jikoni na kofia yake kichwani.

"Sentimita mia moja na kumi na nne," akaniambia. "Vipimo vyote viwili."