Kifuniko cha Chai

Lenox Were aliingia duka la dawa pale River Road akichechemea, viatu vimejaa simiti, goti limefura kama andazi. Nyuma ya kaunta alikuwa Nthenya, koti lake jeupe limepigwa pasi. Alimpa vidonge vya maumivu pamoja na somo. Mwilini, alimweleza, kuna vimeng'enya ambavyo ni ndugu. Kimoja huleta joto na uvimbe palipoumia. Kingine hulinda tumbo na damu inayoingia kwenye figo. Kidonge hakijui kuchagua, huvifunga vyote. Kwa hiyo asimeze muda mrefu, tena asimeze kabla ya kula.

"Sawa, dawa haichagui," Lenox alisema. "Na wewe, unachaguanga?"

Nthenya alicheka, akamwandikia namba yake kwenye pakiti.

Wakapendana. Kila jioni Lenox alimpigia kutoka Kangemi akimwita daktari wangu, naye akiitwa mzee wa mawe. Aliulizwa kama ameacha vidonge, akaapa ameacha, na huo ulikuwa uongo mtupu. Kwenye mjengo, alikokuwa akibeba mawe, vidonge vya kioski huteremshwa kwa chai ya asubuhi, kwa sababu anayechechemea leo kesho haitwi kazini. Lenox aliitaka kazi hiyo mpaka apate pesa za harusi. Nani angemlaumu?

Siku ya kujitambulisha kwa kina Nthenya, huko Mutuini, alivaa suti ya kijivu. Uso ulikuwa umevimba, pumzi inanuka. Mzee Kivuva, babake Nthenya, alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, heshima asiyompa kila mgeni. Harufu ya maziwa ilimpanda Lenox kichwani. Alikisukuma kikombe, akakimbia nje, akatapika kwenye migomba.

"Mlevi," mzee alisema. "Na chai yangu ameikataa."

Nthenya akaamini. Yeye aliyewafundisha wateja habari za figo aliuona uso ule, akafikiria chang'aa. Lenox alipiga simu siku nyingi bila kujibiwa.

Simu ambayo Nthenya aliipokea ilitoka kwa Ogutu, mwenzake Lenox wa mjengo: Lenox amelazwa, figo zote mbili zimekufa.

Alimkuta wodini amefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Alilia bila kujificha, kwa huruma na kwa aibu.

"Si ungeniambia tu unameza?"

"Ungesema niwache job."

"Ningesema."

"Ndio hivyo. Bado nataka kukuoa. Lakini mimi sasa ni mtu wa mashine. Ukikataa sitakasirika."

"Nilishachagua, mzee wa mawe. Tangu River Road."

Mzee Kivuva, aliyekuwa amemfuata bintiye hospitalini, alikuwa amesimama mlangoni, thamosi mkononi. Alikuja, akamimina kikombe kizima kama siku ile. Nesi akamzuia: figo hazitoi maji tena, mgonjwa huyu haruhusiwi kunywa zaidi ya funda moja dogo. Mzee akairudisha chai kwenye thamosi, akajaza chai kwenye kifuniko cha chupa ya maji iliyokuwa kando ya kitanda.

Lenox alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akakirudisha kitupu.

"Asante, baba," alisema. Kiu bado ilikuwa imemkaba koo, lakini hakuomba kingine.