Picha Zilizofutwa Parokiani

Ndugu zangu, wazazi na vijana, nisikilizeni. Kisa hiki si cha pombe wala cha wizi, na ndiyo maana naogopa mtakipuuza.

Asubuhi ile nyumba ya Télesphore, pale Nyawera, ilikuwa na amani. Mkewe Aurore alikuwa akikoroga uji, naye mume akatoka kwenda kazini huku akipiga mluzi. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta ya parokia. Humo zilihifadhiwa picha za watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia vita, na kila picha ilikuwa na jina la familia ya hapa Bukavu iliyompokea mtoto. Mzazi akija huonyeshwa picha, na akimtambua wake, hupelekwa kwenye nyumba hiyo. Hapakuwa na njia nyingine.

Télesphore alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja, haraka. Alipenda lile dirisha jeusi la kuandikia amri, alilojifunza kwa video za simu. Mashine ikitaka kumuuliza kama ana hakika, yeye huinyamazisha mapema: mbele ya amri huweka sudo, yaani mamlaka yote ya mwenye mashine, na nyuma huweka -rf, yaani futa kila kitu wala usiulize. Umeme wetu mnaujua. Alikuwa akisema kwamba anayesubiri maswali ya mashine atamalizia kazi gizani, nasi tukacheka. Hatukufanya vizuri kucheka.

Siku hiyo diski ilikuwa imejaa, akaamua kufuta video za zamani. Akaingia kwenye folda ya picha kupima uzito wake, kisha Constance wa kwaya akabisha hodi, amekuja kurudisha flashi. Flashi hiyo ndiyo iliyokuwa na nakala ya picha. Télesphore alikuwa ameiazima kwaya kwa ajili ya nyimbo za sikukuu, na wanakwaya wakaisafisha ili nyimbo zienee. Hakumgombeza. Alijiambia atanakili upya mchana.

Aliporudi kwenye kiti taa zilianza kuchezacheza. Akili ikamwambia yuko kwenye folda ya video za zamani. Akaandika sudo rm -rf *, yaani futa vyote vilivyomo humu, na kubonyeza. Mashine haikuuliza kitu, kwa kuwa ilikuwa imekatazwa kuuliza.

Akaandika ls aone kilichobaki. Hakuna. Akaandika pwd, na mashine ikamjibu mahali alipo: folda ya picha.

Sasa sikilizeni kosa la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza. Faili iliyofutwa haitoweki papo hapo. Hubaki diskini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kama angeizima mashine na kumwita fundi, huenda picha nyingi zingeokolewa. Lakini hofu haina macho. Alishusha programu za kuokoa faili, moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye diski ile ile, kama mtu anayefukua shimo na udongo anaumwaga humo humo. Kufika adhuhuri, kilichokuwa kimebaki nacho kimefunikwa.

Ndipo akaingia mama mmoja aitwaye Francine, ametoka Minova, kifurushi bado kiko mgongoni.

"Papa, niko natafuta mutoto yangu Gentil," akasema. "Iko na miaka ine. Iko na kovu ya moto ku bega."

Télesphore akawaza hasira ya padri, aibu, na kazi atakayoipoteza. Hofu ikajibu badala yake.

"Maman, huyu mutoto haiko kwetu."

Mama akamsihi aangalie tena. Télesphore akagonga vitufe vya bure, akatikisa kichwa. Basi, mama akasema, atajaribu Kamituga, mbali huko migodini, kwani amesikia kuna watoto waliofikishwa huko. Akamshukuru, akamwombea baraka, akatoka. Télesphore hakuthubutu kumwomba namba ya simu, maana kila neno zaidi lilimtisha.

Jioni chakula hakikushuka. Aurore alimbana mpaka akasema yote. Mwanamke akaweka sahani chini.

"Ulimuambia mutoto haiko, ao ulimuambia haujue?"

Télesphore akakiri kwamba alimwambia hayuko.

"Haiko na sijue si kitu moja. Yule maman iko naenda kulia mutoto mwenye hajakufa."

Wakakimbia mpaka kituo cha magari ya Kamituga. Gari lilikuwa limeondoka, na wapakizi wakasema mama mwenye kifurushi alikuwa ndani.

Kesho yake Télesphore alimweleza padri kila kitu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba na mkewe, wakipiga picha upya. Huko Kadutu, hapa hapa mjini, kwa maman Jeanine, walimkuta mtoto akiogeshwa kwenye beseni. Begani ana kovu la moto. Walipomuuliza jina, akasema Gentil. Télesphore aliketi chini kwenye tope. Mama yule angeweza kufika hapa kwa miguu.

Habari imepelekwa Kamituga na wenye pikipiki, redio imetangaza. Mpaka leo hakuna jibu. Kila Télesphore anapopeleka sabuni kwa maman Jeanine, mtoto humshika suruali.

"Papa, ni weye uliona mama yangu?"

Naye hujibu kwamba ndiyo, alimwona.

FUNZO

Kabla hujafuta, andika pwd ujue ulipo, kisha ls uone utakachofuta. Ukiwa na shaka tumia rm -i, ikuulize faili moja moja. Swali la mashine si matusi. Sudo iwe ya siku ya haja, si ya mazoea. Nakala ikae mahali pake, na flashi ya nakala haiazimwi, hata kwa kwaya. Ukikosea, ondoa mikono, zima mashine, tafuta fundi.

Hayo ni ya kompyuta. La moyo ni hili: mficha maradhi kifo humuumbua. Picha zilipotea kwa haraka ya vidole, lakini mama yule alipotezwa na uongo. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, hata kama utafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.