Tabaka la Mashimo ya Zamani

Ghati aliteremka kwenye basi stendi ya Kahama, gauni lake la njano limejaa vumbi, akanyakua begi jeusi kwenye buti na kuondoka haraka. Kijana mrefu mwenye ovaroli la buluu akamkimbilia.

"Dada, hilo begi lina spana zangu. Au na wewe ni fundi?"

Ghati alilifungua, akaziona spana, akacheka. Lake lilikuwa na kompyuta. Kijana aliitwa Bujiku, fundi wa pampu. Ghati alikuwa mchora ramani. Wote walikuwa wanakwenda kuanza kazi mgodi mmoja, upande wa Geita. Kabla mvua hazijaanza, walikuwa wameshakuwa wapenzi.

Kazi ya Ghati ilikuwa kuuingiza mgodi mzima kwenye programu ya kutunza mali: picha ya droni, juu yake majengo, mabomba, nyaya, kila kitu na tabaka lake, la kuwasha au kuzima. Mwishoni akaongeza mashimo ya zamani. Akaliwasha tabaka hilo. Handaki lililosahaulika lilipita chini ya chumba cha pampu cha Bujiku! Akatoa taarifa kwa wakubwa wa mgodi. Chumba kikafungwa, na mafundi wake, Bujiku akiwemo, wakaachishwa kazi.

"Ungeniambia kwanza, mpenzi," Bujiku alisema kwenye simu. "Habari nimezipata kwa mlinzi getini."

"Ungenisihi ninyamaze, Buji. Na ningenyamaza, ninavyokupenda."

Bujiku akakata simu. Akaenda kuchimba dhahabu kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo, la rafiki yake Stanslaus, nje kidogo ya uzio wa mgodi. Simu za Ghati hakuzipokea tena.

Asubuhi moja ya mvua, duara lile liliporomoka Bujiku akiwa chini.

Ghati alifika mbio, peku, kompyuta kifuani. Wachimbaji walitoa kifusi, kifusi kikarudi. Alipiga simu ya Bujiku, akapiga tena, ingawa alijua chini kule haipatikani.

Stanslaus alikuwa amekaa kwenye matope. "Tumwachie Mungu, shemeji."

"Bado!"

Akafungua ramani. Akazima majengo, akazima mabomba, akazima nyaya. Handaki lile lilipita ubavuni mwa duara, likatokea korongoni.

"Tuingilie huku!"

Mdomo wa handaki ulikuwa umezibwa kwa mawe. Ghati akaanza kuyang'oa kwa mikono, akilia kwa sauti. Stanslaus akamfuata, kisha wengine wote.

Kupitia handaki hilo walimtoa Bujiku hai, mkono wa kulia umepondeka. Hospitali wakaukata.

"Nenda zako, Ghati," alisema wodini, uso ameuelekeza ukutani. "Fundi wa mkono mmoja atakulisha nini?"

"Sikuja kuomba chakula. Nimekuja kuuliza, lini unakwenda Tarime kwa baba kujitambulisha?"

Bujiku aliutazama mkono uliobaki.

"Nitamsalimiaje? Nimpe mkono wa kushoto, mzee wa watu?"

"Mpe huohuo. Nitakuwa nimeshika bega lako."

Bujiku akageuka kutoka ukutani, akamwacha Ghati amwone akilia.