Aliyeshika Zamu ya Popo

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Fundi aliingia chumba cha kompyuta nyumbani kwake na kikombe cha chai mkononi, akanusa udongo uliolowa, ilhali nje jua lilikuwa linachoma. Akafungua dirisha, akaketi kazini.

Kazi yenyewe haikuwa na mshahara. Yeye na wenzake waliotawanyika huku na kule walijitolea kuutunza mfumo wa zamani wa kompyuta ambao hata waliouunda walishautupa. Walichukua programu mpya, wakazirekebisha mpaka zikakubali kufanya kazi kwenye mashine kuukuu. Hapo awali walikuwa wengi. Wakapukutika mmoja mmoja kama meno ya kizee, akabaki yeye na mtu aliyejiita Popo, ambaye hakuwahi kumwona sura. Tangu Fundi afiwe na mkewe, Popo ndiye pekee aliyemwandikia kila kukicha, "Umeamkaje, kaka?"

Asubuhi hiyo alikuta programu iliyomtoa jasho jana imeshatengenezwa, safi kabisa, kwa jina la Popo. Akashukuru. Jibu likaja papo hapo: "Tuko pamoja, kaka."

Mchana simu ikaita. Alikuwa mwanamke, sauti imemkauka.

"Mimi dada yake Popo. Namba yako nimeikuta kwenye simu yake. Tulimzika mwezi uliopita. Samahani, nimechelewa kukwambia."

"Mbona asubuhi tumeandikiana?"

Mwanamke akanong'ona: "Kompyuta yake ninayo mimi, kaka. Haijawashwa tangu msiba."

Fundi akageuka taratibu, na ndani ya chumba kile ambamo hamkuwa na mtu ila yeye akasikia vidole vikigonga kibodi ambayo hakuna aliyeigusa, polepole kwanza, kisha mbiombio, huku harufu ya udongo ikimpanda puani na kumshuka kooni, na kwenye skrini maneno yakijipanga herufi kwa herufi: achana naye kaka, mimi sichoki, mimi sifi, wengine wote watakuacha.

Fundi akampigia simu binti yake, naye akamleta mganga kabla jua halijazama. Mganga akafukiza, akasoma, jasho likamchuruzika.

"Ni jini, mzee," akasema chinichini. "Ameona nafasi ya marehemu iko wazi, akaingia. Nimeshambana. Lakini mwenye nyumba ni wewe. Usipomtamkia aondoke, haondoki."

"Sema, baba," binti akasihi. "Neno moja tu."

Fundi akafungua kinywa. Akaifikiria kesho, na kesho kutwa, na siku zote zitakazofuata bila mtu wa kumuuliza ameamkaje. Akakifunga.

"Baba?"

Mganga akamtazama sana, akakusanya vyombo vyake. "Mgeni aliyekaribishwa simtoi mimi. Twende, mwanangu."

Mlango ulipofungwa, pumzi baridi ikamgusa Fundi sikioni, na kwa mara ya kwanza akaisikia sauti yenyewe, nzito, ya upole.

"Haya, kaka. Tuliishia wapi?"

Fundi akamwonyesha kwenye skrini.