Kengele Ambayo Haikupigwa

Ekaristi Takatifu iliachwa peke yake siku ya Alhamisi, alasiri, katika kikanisa kipya cha kuabudu. Aliyeiacha ni msichana wa darasa la sita. Nyumbani na shuleni walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hiyo mdomo huohuo ulisema uongo, halafu ukanyamaza pale ulipotakiwa kusema.

Kikanisa hicho zamani kilikuwa stoo ya parokia. Kilibanwa kati ya ukuta wa kanisa na karakana ya kuchomelea vyuma. Ndani mlikuwa na viti vilivyovunjika miguu, ngoma za kwaya zilizopasuka, mifuko ya saruji iliyoganda, na panya wasiomwogopa mtu. Kanisa lenyewe lilifungwa kwa kufuli mara tu baada ya Misa ya asubuhi, tangu wezi walipobeba vipaza sauti. Aliyetaka kusali mchana alisimama nje akashika nondo za dirisha, kama mtu aliyekwenda kumtazama mfungwa.

Bibi yake Chiriku ndiye aliyechoka kushika nondo. Kila paroko aliyehamia pale, Bibi alimwambia maneno yaleyale: "Padre, tupatie mahali pa kukaa na Bwana. Hata pawe padogo." Maparoko wawili walimjibu kwamba watafikiria. Wa tatu aliomba ufunguo wa stoo, akachungulia ndani, akapiga chafya, akasema, "Jumamosi njooni na mafagio."

Watu walikuja. Fundi wa karakana alitengeneza mlango wa chuma, na akaahidi kupunguza nyundo saa za sala, ahadi aliyoitimiza kwa shida. Vijana walipaka chokaa. Fundi cherehani mmoja, mama mnene mwenye sauti kubwa, alikuja na ndoo na sabuni yake mwenyewe, akapiga magoti na kusugua sakafu mpaka rangi yake ya zamani ikaonekana. Huyu alijitolea pia kushona mapazia meupe na kitambaa cha altare. Wateja wake walimwita Mama Kesho, kwa sababu ukienda kuchukua gauni lako alikwambia, "Njoo kesho," na ukirudi kesho yake alikwambia vilevile bila kupepesa jicho.

"Mapazia yatakuwa tayari lini?" Paroko alimuuliza.

"Kesho, Padre."

Watu walicheka mpaka ndoo moja ikamwagika. Lakini kesho yake mapazia yalikuja kweli, yamepigwa pasi.

Siku ya kukibariki kikanisa, Paroko alieleza utaratibu. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, baada ya Misa ya asubuhi mpaka jioni, Ekaristi itawekwa wazi juu ya altare, ndani ya monstransi, kile chombo chenye miale kama ya jua. Waumini watapokezana kwa zamu za saa moja moja.

"Ekaristi ikiwa wazi, lazima mtu awepo," alisema. "Hatumkaribishi Bwana sebuleni halafu wenye nyumba tukaenda zetu. Ukilazimika kutoka kabla mwenzako hajafika, piga kengele hii ya mlangoni. Katekista yupo ofisini, atakuja kushika nafasi yako. Hakuna atakayekugombeza."

Bibi alichukua saa kumi alasiri ya Alhamisi. Mama Kesho alichukua saa inayofuata. Miguu ya Bibi ilikuwa inavimba, kwa hiyo Chiriku alitoka shuleni moja kwa moja, akamshika mkono kwenye ngazi za kikanisa, akaketi naye. Ilikuwa saa pekee katika wiki ambayo Chiriku alikaa kimya, na majirani walisema huo ndio muujiza wa kwanza wa kikanisa.

"Bibi, unamwambia nini muda wote huo?" aliuliza siku moja walipokuwa njiani kurudi.

"Simwambii kitu."

"Unakaa tu?"

"Nyumbani kuna redio, kuna majirani, kuna wewe. Pale napumzika na mtu anayenijua. Miaka yote nilikuwa nataka hicho tu."

Sasa nirudi kwenye ile Alhamisi.

Katikati ya zamu yao Bibi alianza kutokwa jasho na kuona kizunguzungu. "Naenda ofisini kwa katekista nikanywe maji na kujinyoosha kidogo," alinong'ona. "Wewe kaa hapa mpaka Mama Kesho afike. Umenisikia, mjukuu wangu? Mpaka afike."

"Ndiyo, Bibi."

Chiriku akabaki peke yake. Mishumaa ilikuwa inawaka, mapazia yametulia. Mara akasikia mtu anapiga mluzi dirishani. Alikuwa rafiki yake Kidoti, amekwea tofali, pua imebanwa kwenye wavu.

"Wee Chiriku! Jezi zimekuja! Mwalimu anagawa sasa hivi!"

"Shh! Nina zamu."

"Haya, baki na zamu yako. Twiga amesema namba saba anaichukua yeye."

Chiriku ndiye aliyekuwa anaanzisha mpira katika timu ya mpira wa wavu ya shule, na namba saba aliiota tangu mwaka ule ulipoanza. "Si mwambie mwalimu aniwekee!"

"Nimemwambia. Amesema asiyekuwepo atachukua ile iliyotoboka kwapani. Ukipunga mkono tutaona mpaka moyo wako!" Kidoti alicheka, akaruka chini, akakimbia.

Chiriku aliitazama kengele ya mlangoni. Akiipiga, katekista atakuja, na atauliza anakwenda wapi. Aliona aibu kutamka neno jezi mbele ya altare. Kwa hiyo hakuipiga. Shule ilikuwa nyuma ya parokia tu. Alijiambia kwamba atakwenda na kurudi kabla mtu hajajua, akapiga goti haraka haraka, akatoka mbio.

Foleni ya jezi ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Namba saba aliipata baada ya kusukumana na Twiga, mwenzake wa timu, na kuitwa mroho. Aliisokomeza ndani ya mkoba wa vitabu, akarudi akihema.

Alikuta mishumaa imezimwa. Monstransi ilikuwa tupu. Paroko alikuwa amekwisha kuirudisha Ekaristi katika tabenakulo, kisanduku chake cha kuhifadhia, na kufunga kwa ufunguo, na sasa alikuwa amepiga magoti sakafuni, mgongo umeinama. Mama Kesho alisimama mlangoni na mfuko wa nyuzi mkononi, jasho linamtiririka. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba zamu yake ilikwisha kuanza, ila kidogo tu.

Paroko aliinuka. Hakupaza sauti. "Nimekuta chumba kitupu. Nani alikuwa hapa?"

Chiriku alikumbatia mkoba wake. Angeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu, niliondoka, nalo lilikuwa limefika mdomoni. Likatoka lingine.

"Mimi, Padre. Lakini Mama Kesho alifika, akaniambia niende."

"Mimi?" Mama Kesho alishika kifua. "Mtoto, ndio kwanza nakanyaga hapa!"

"Labda ulifika, halafu ukatoka mara moja kufuata hizo nyuzi?" Paroko aliuliza taratibu.

"Padre, nasema ndio kwanza nafika. Kama ni kosa la kuchelewa, nipige viboko vya kuchelewa. Hilo lingine silijui."

Bibi na katekista walikuwa wamefika wakati huo. Katekista akatikisa kichwa. "Mtoto hawezi kubuni jambo kama hilo," alisema. Halafu akatazama ule mfuko wa nyuzi. Watu walizoea kumcheka Mama Kesho kwa ahadi zake za magauni, kwa hiyo ilikuwa rahisi kutomwamini hata pale alipokuwa anasema kweli.

Paroko alimwomba apumzike zamu kwa muda. Mama Kesho hakubishana. Alikwenda altareni, akanyoosha pembe ya kitambaa alichokishona mwenyewe iliyokuwa imekunjika, akatoka.

Baada ya siku chache Bibi aliiona ile jezi. "Inakupwaya kama pazia," alisema. "Mpelekee Mama Kesho akupunguzie." Chiriku alitafuta kila sababu ya kutokwenda, lakini katika mtaa ule hapakuwa na fundi mwingine aliyewakopesha.

Alisimama mbele ya cherehani, mikono imenyooshwa pembeni, wakati Mama Kesho anabana kitambaa kwa pini.

"Mligawiwa lini hizi?" Mama Kesho aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

Chiriku alitazama pedali ya cherehani. Mikono ya fundi ilisimama. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa kilichokuwa begani mwake mwenyewe. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, bila hasira. Chiriku angefurahi zaidi kupigwa kofi.

"Njoo uichukue leo jioni," alisema hatimaye. "Hii sitakwambia kesho. Na kama una neno la kusema, saa yoyote utanikuta hapa."

Chiriku aliichukua jezi jioni ile. Neno hakulisema. Alisema asante, akaondoka.

Mambo yakaharibika polepole, kama paa linalovuja. Wanawake wa jumuiya ya Mama Kesho walisema kama mwenzao ni mwongo, basi wao pia ni waongo, wakaacha zamu zao. Wengine waliogopa kusingiziwa. Saa zikawa tupu. Katekista alikaa kikanisani mpaka kazi za ofisi zikalala. Bibi aliongeza zamu juu ya zamu, na miguu yake ikazidi kuvimba. Mwishowe, Jumapili moja baada ya Misa, Paroko alitangaza kwamba Ekaristi haitawekwa wazi tena, kwa sababu hapakuwa na watu wa kukesha nayo. Kikanisa kikafungwa.

Alhamisi iliyofuata, Bibi hakutaka kubaki nyumbani. Chiriku alimshika mkono kama kawaida. Walikuta vijana wawili wanaingiza viti vibovu kikanisani, vilevile vilivyotolewa siku ya mafagio.

"Ni kwa muda tu, Bibi," mmoja alisema, akafunga kufuli na kuondoka upesi.

Bibi alikaa kwenye ngazi. Akanyoosha mkono akashika nondo za mlango.

Hapo Chiriku akalia. "Bibi, ni mimi. Niliondoka mwenyewe. Nilifuata jezi. Mama Kesho hakuwa amefika."

Bibi hakugeuka. Kwenye karakana nyundo zilikuwa zinagonga, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwambia fundi apunguze.

"Kengele uliiona?" aliuliza baadaye.

"Niliiona."

"Nisaidie kuinuka."

Walikwenda kwa Paroko, wakakuta katekista naye yupo. Chiriku alirudia yote, na safari hii hakuruka kitu. Paroko akasema, "Na mimi nilikuwa na haraka ya kuamini." Jumapili alisema hivyohivyo mbele ya waumini wote, akamwomba Mama Kesho msamaha kwa jina lake halisi, lakini Mama Kesho hakuwepo kanisani kusikia.

Alikuwa amehamishia cherehani yake upande wa pili wa mji. Walimkuta kwenye kibaraza kipya, mguu uko kwenye pedali.

"Tumsifu Yesu Kristo," Bibi alisema.

"Milele amina. Karibuni, mama." Akamtazama Chiriku. "Umechelewa kuliko mimi leo."

"Nisamehe, Mama Kesho. Ulijua tangu siku ile ya pini?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini? Na tena nilitaka useme wewe. Nilikaa pale nikingoja mpaka kodi ya chumba ikaisha." Alikata uzi kwa meno. "Nimekusamehe, mwanangu, na ni kwa moyo wote. Ila kule sirudi. Huku nimeshapata wateja, na parokia ya huku wamenipa zamu. Wananiita kwa jina langu."

Njiani Bibi alipumzika kwenye kila ukuta mfupi walioufikia. Kwenye mmoja wao ndipo aliposema aliyokuwa nayo moyoni.

"Kutoka mle ndani lilikuwa kosa la mtoto. Ungesema siku ileile, tungepiga magoti sote wawili tukaomba radhi, yakaisha kabla ya chakula cha jioni. Lakini uongo hausimami wenyewe. Lazima umtwishe mtu. Wewe ulimtwisha aliyekuja na sabuni yake kusugua ile sakafu. Sikuambii haya ili ulie. Nakuambia ili siku nyingine, kosa likiwa bado dogo, upige kengele."

Kikanisa kilifunguliwa tena baada ya watu kurudiana na kuzungumza, lakini si kama zamani. Waliojitokeza walitosha kwa siku ya Alhamisi peke yake. Chiriku alitoa viti vibovu kwa mikono yake, akasugua sakafu, akafua mapazia. Saa kumi alasiri ikawa zamu yake, pamoja na katekista, na hakutoka tena kabla ya mwenzake kuingia.

Bibi hakuwepo. Kufikia wakati huo miguu yake haikuweza tena kufika mbali kuliko mlango wa nyumba yao.

Jezi namba saba Chiriku anayo mpaka leo, na inamtosha vizuri, kwa sababu aliyeipunguza alikuwa fundi hodari. Gharama yake ilikuwa hii: siku nne za sala katika kila wiki, fundi mmoja na jina lake, na saa moja ya alasiri ambayo Bibi aliiomba kwa maparoko watatu, akaipata, na hakukaa nayo hata mwaka.