Kutu Ambayo Spana Haiifikii

Watu walimwita Spoku, kwa kuwa alikuwa mrefu na mwembamba kama waya wa gurudumu. Alitengeneza baiskeli katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Spana zake zilining'inia ukutani, kuanzia kubwa hadi ndogo, na ole wake aliyerudisha moja mahali pasipo pake.

Mkewe alishona mashati katika chumba cha pili. Walizoea kuzungumza kupitia mlango ulio wazi, yeye akikanyaga cherehani, mume akigonga chuma.

"Umeifungua tena?" mkewe aliuliza Ijumaa ile asubuhi.

"Naangalia breki tu."

"Uliziangalia jana. Na juzi. Hizo breki zingekuwa na mdomo zingeomba likizo."

Zamani Spoku angekuwa wa kwanza kucheka. Siku hiyo hakucheka. Baiskeli ilikuwa ya binti yao. Binti alikuwa amepata kazi ya kupima mbegu kwenye ghala lililo mbali, na Jumatatu saa moja na nusu alitakiwa awe mlangoni. Gari la kwanza lilipita saa mbili. Msimamizi alikuwa ameshasema kwamba atakayechelewa siku ya kwanza, nafasi yake itapewa mwingine.

Baiskeli ilikuwa nzima. Lakini kila Spoku alipokaza nati ya mwisho, moyo ulimwenda mbio na viganja vikalowa jasho. Aliona kwa macho ya akili gurudumu likichomoka na binti yake akianguka. Basi aliifungua upya. Alikuwa hivyo kwa miezi saba sasa. Usingizi ulimkimbia. Sigara mbili kwa siku zilikuwa zimefika kumi.

Wiki hiyo aliongeza kituko kipya. Alifunga madirisha yote, akawa anapumua kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto.

"Hodi," ilisikika sauti mlangoni. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani, akikokota baiskeli yenye cheni nyekundu kwa kutu. "Fundi, humu mnaoka mikate? Joto lote hili na madirisha mmefunga."

"Karibu, dada. Naikimbia hewa."

"Hewa imekukosea nini?"

"Nilisikia redioni. Mtaalamu alisema watu wenye wasiwasi mkubwa, ubongo wao hupatwa na kitu kama kutu. Mimi kutu naijua. Maji peke yake hayaleti kutu, mpaka hewa iwepo. Nami maji siwezi kuacha. Nikaamua kupunguza hewa."

"Mwambie na vile vidonge," mkewe alidakia kutoka chumba cha pili.

"Vidonge gani?"

"Vya vitamini. Badala ya kimoja anameza vinne. Tumbo linamwendesha, na bado anameza."

Muuguzi alibana midomo asicheke. Akavuta kigoda, akaketi.

"Fundi, ulisikia vizuri, ila ulizima redio mapema. Hewa tunayovuta ina oksijeni. Mwili huitumia kuchoma chakula ili upate nguvu. Katika kazi hiyo hutokea chembe ndogo mno, tena chokozi. Zikigusa sehemu za mwili huziharibu."

"Kama cheche ninapokata chuma."

"Hasa. Cheche haziepukiki, na mwili una vizimaji vyake. Shida huja cheche zinapovizidi vizimaji. Hali hiyo wataalamu huiita mkazo oksidishaji."

Spoku alirudia maneno hayo mara mbili. Alipenda neno jipya kama alivyopenda spana mpya. Alichukua chaki, akaliandika ukutani, kisha akageuka.

"Kwa nini ubongo? Kwa nini lisiwe goti?"

"Ubongo ni mdogo, lakini hutumia karibu sehemu moja kwa tano ya oksijeni ya mwili mzima. Tena una mafuta mengi, na mafuta huharibiwa upesi na chembe hizo."

"Kama mafuta ya kupikia yanavyochacha yakiachwa wazi," mkewe alisema. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Sasa, dada," Spoku aliuliza, "ni kutu iliyoleta wasiwasi, au wasiwasi umeleta kutu?"

"Hilo swali hata watafiti bado wanaulizana. Wameona dalili za mkazo huo kwa watu wenye maradhi ya wasiwasi. Kipi huanza, hawajui kwa hakika. Huenda kila kimoja huchochea kingine."

Spoku alijinyoosha kidogo. Si kila siku fundi baiskeli huuliza swali la watafiti.

"Basi vidonge vyangu je?"

"Haijathibitishwa kwamba vinatibu wasiwasi. Ukizidisha vinaweza kukudhuru. Nikiimwagia cheni yangu ndoo ya mafuta, itakwenda vizuri zaidi?"

"Itakamata mchanga wote wa barabarani."

"Umejijibu. Na hewa huwezi kuikimbia. Ukipumua nusunusu, mwili hudhani kuna hatari, moyo ukaongeza mbio. Moshi wa sigara ndio unaoongeza zile chembe. Wewe umefungia nje hewa, ukabaki ndani na moshi."

Mkewe aliondoka mlangoni. Alipita katikati yao, akafungua madirisha.

Muuguzi alimwonyesha Spoku namna ya kuvuta pumzi kwa pua mpaka tumbo liinuke, kisha kuitoa polepole kuliko alivyoivuta. Baada ya pumzi kumi, mabega ya Spoku yalishuka.

"Lakini hiyo peke yake haitoshi," muuguzi alisema. "Wasiwasi wa namna yako ni maradhi. Si woga, wala si aibu. Kesho uje zahanati."

Jumamosi alikwenda na mkewe. Daktari alimpima moyo, damu na tezi ya shingo, kwa sababu yapo magonjwa mengine yanayofanana na wasiwasi. Hakukuta tatizo. Alimwambia arudi kwenye kidonge kimoja, apunguze sigara hadi aziache, atembee kila siku, ale mboga na matunda, na alale mapema. Dawa za wasiwasi zipo, alisema, zikihitajika. Kisha akamwelekeza kwa mshauri wa afya ya akili.

Mshauri alimpa kazi ya nyumbani. "Kagua baiskeli mara moja tu, kisha ikabidhi. Moyo utapiga. Uache upige. Utatulia wenyewe."

Jumatatu asubuhi Spoku alikagua nati, breki, cheni na kengele. Mara moja. Kisha mkono wake ukaifuata spana tena.

"Baba, umeshaangalia," binti alisema.

"Najua."

Akavuta pumzi. Akampa mkewe spana. Binti akapanda, akapiga kengele, akapotea kwenye kona.

Moyo wa Spoku ulipiga kama nyundo. Alisimama mlangoni akihesabu pumzi, na hakumfuata. Mkewe alishona kola moja, akaanza ya pili.

"Umetulia wenyewe," Spoku alisema kwa mshangao.

"Nani?"

"Moyo."

Maradhi hayakuisha siku hiyo. Alikwenda kwa mshauri kwa miezi mitatu. Kuna wiki alirudi nyuma, akaifungua baiskeli ya mteja mara mbili, akamweleza mshauri bila kuficha. Sigara zilipungua hadi moja, kisha akaziacha. Usingizi ulirudi kidogo kidogo.

Jioni moja binti alirudi kutoka kazini, akaketi mezani na wazazi wake.

"Baba, breki ya nyuma inapiga kelele."

Mkewe aliacha kutafuna, akamtazama mumewe.

"Inashika?" Spoku aliuliza.

"Inashika vizuri. Ni kelele tu."

"Basi nitaiangalia Jumamosi," alisema, akaendelea kula.